Skani ya waja wazito yaweza kuokoa wahasiriwa wa ajali

Jumamosi moja usiku, mpwa wangu alianguka na pikipiki kwenye kona ya barabara itokayo Othaya kuelekea Mukurwe-ini. Mvua ilikuwa imenyesha, na lami ilikuwa na tope lililoachwa na magurudumu ya malori ya majani chai. Hakuwa na jeraha la kumshtua mtu. Goti lilikuwa limechubuka, na mpini wa usukani ulikuwa umemgonga tumboni, upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu. Alijiinua, akaisukuma pikipiki hadi nyumbani, akaoga, akaketi kunywa chai. Mamake alipomwuliza kama yu salama, alijibu kwamba hakuna kilichovunjika.

Saa nne usiku alisema bega la kushoto linamuuma. Saa tano alisimama aende msalani, akashikwa na kizunguzungu. Tulipomfikisha hospitalini (hospitali moja ya eneo la Mlima Kenya ambayo sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumsuta mtu) presha yake ilikuwa 110 kwa 70, na moyo ulikuwa ukipiga mara 118 kwa dakika. Tabibu wa zamu, kijana mwenye heshima zake, alimbonyezabonyeza tumbo, akamtundikia dripu, akasema tungoje tuone. Nilimwuliza kama hakuna namna ya kutazama ndani.

"Mzee, mashine ya skani ipo," alinijibu, "lakini chumba kimefungwa. Mwenyewe huja Jumatatu."

Tulingoja. Saa nane za usiku presha ilikuwa imeteremka hadi 80, na hapo ndipo ambulansi ilipotafutwa ili apelekwe hospitali kubwa zaidi. Alipofunguliwa tumbo, karibu alfajiri, wengu, ambao wengine huuita bandama, ulikuwa umepasuka, na damu ipatayo lita 2 ilikuwa imejaa ndani. Alipona. Daktari aliyempasua alituambia waziwazi kwamba nusu saa zaidi njiani ingetosha kututia matanga.

Nimeitafakari sana sentensi ile ya tabibu. Mashine ipo, lakini chumba kimefungwa. Maoni yangu, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya, ni kwamba mashine ya ultrasaundi, ambayo wengi wetu twaijua kama skani ya waja wazito, mahali pake usiku ni katika chumba cha majeruhi. Aidha, tabibu na muuguzi wa zamu wanapasa kufunzwa kuitumia kujibu swali moja tu: je, kuna damu tumboni au hakuna?

Tumbo hufunika mambo

Mtu akikatwa kwa panga damu huonekana, na kila mmoja hukimbia. Hatari ya pigo lisilotoboa ngozi ni kwamba halina shahidi. Mpini wa pikipiki, teke la ng'ombe, kuanguka kutoka juu ya mparachichi wakati wa kuvuna, dashibodi ya matatu iliyogonga ukingo wa daraja, na, tusifichane, mateke ya mume katika nyumba iliyofungwa mlango: yote haya huweza kupasua wengu au ini bila kuacha hata mkwaruzo. Wengu hukaa chini ya mbavu za kushoto. Ni kiungo laini, kilichojaa damu, na hupasuka upesi. Kwa watu walioishi sehemu zenye malaria au kichocho, kama vile Mwea kwa majirani zetu wa Kirinyaga, wengu huweza kuwa umefura tangu zamani, na uliofura hupasuka kwa pigo dogo kuliko unavyodhani.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ipatayo lita 5 mwilini. Akipoteza chini ya robo tatu ya lita, huenda asionyeshe dalili yoyote. Akipoteza kati ya hapo na lita moja na nusu, moyo huanza kwenda mbio, lakini presha yaweza kubaki ile ile, hasa kwa kijana mwenye mishipa yenye nguvu. Presha huanguka waziwazi baada ya kupotea lita moja na nusu au zaidi. Kwa hiyo ile 110 kwa 70 iliyotutuliza usiku ule ilikuwa ikitudanganya. Mapigo 118 ndiyo yaliyokuwa yakisema kweli, pamoja na lile bega. Damu ikijaa chini ya kiwambo cha kupumulia huchokoza neva, na maumivu husikika begani, mahali ambapo hapakuguswa na chochote.

Je, mkono wa daktari hautoshi? Mkono wa daktari ni kitu cha thamani, lakini tumbo lenye damu mara nyingine huwa laini kama lisilo na kitu. Na iwapo mgonjwa ana pombe kichwani, au amezirai, hawezi kusema panapouma. Yeyote aliyewahi kukaa katika chumba cha majeruhi cha mji wowote wa huku kwetu Jumamosi usiku anajua ni wagonjwa wangapi wanaofika katika hali hiyo.

Kutoka sindano hadi sauti

Wazee wetu wa udaktari hawakukaa bure. Katika hospitali za wilaya walichoma sindano tumboni, pembe nne, wakavuta kuona kama itatoka damu. Mwaka 1965 wapasuaji wa Marekani walieleza njia iliyo bora zaidi: kupitisha mpira mwembamba tumboni, kumimina maji ya chumvi, kisha kuyatoa na kuyatazama rangi. Njia hiyo iligundua damu vizuri sana, na ilitawala kwa miaka zaidi ya 20. Kasoro yake ni kwamba ni upasuaji mdogo wenye hatari zake, na ukishaufanya mara moja huwezi kurudia kila nusu saa.

Mnamo 1971 madaktari wa Denmark waliandika jinsi walivyotumia mawimbi ya sauti kutafuta damu iliyoganda kwenye wengu. Wajerumani waliichukua njia hiyo katika miaka ya 1980 wakaifanya kazi ya kila siku kwa majeruhi. Wamarekani walichelewa, lakini katika miaka ya 1990 waliipa jina lililoshika duniani kote: FAST. Ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza, na kwa bahati neno lenyewe kwa lugha hiyo lamaanisha upesi.

Utendaji wake si wa miujiza. Kidude kinachoshikwa mkononi hutoa sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Sauti hupenya mwilini, hugonga viungo na kurudi kama mwangwi wa mtu anayepiga ukelele akielekea kilima cha Karima. Penye nyama mwangwi hurudi, na kioo cha mashine huonyesha rangi ya kijivu. Penye maji au damu mbichi hakuna kinachorudi, na kioo huonyesha weusi. Mgonjwa hupakwa jeli baridi, basi. Hakuna sindano wala miale kama ile ya eksirei, na anayetibiwa hahitaji kuondolewa kitandani pake.

Mtazamaji hapeleki kidude kila mahali. Mgonjwa akiwa amelala chali, damu hutiririka kuelekea mabondeni, kama maji yoyote. Bonde la kwanza lipo kati ya ini na figo ya kulia, nalo huitwa kwa jina la James Rutherford Morison, daktari mpasuaji wa Uingereza. La pili ni kati ya wengu na figo ya kushoto. La tatu liko chini kabisa, nyuma ya kibofu cha mkojo. Mahali pa nne si tumboni: ni mfuko unaouzunguka moyo. Mtu aliyezoea hutazama sehemu zote nne kwa muda usiozidi dakika 5. Jambo dogo ambalo wengi husahau ni kwamba kibofu kilichojaa husaidia kuona vizuri, kwa hivyo inafaa kutazama kabla ya kumtia mgonjwa mpira wa mkojo.

Kisichoonekana

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiruke aya, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoweza kuuawa na mashine nzuri.

Ultrasaundi ya namna hii haioni jeraha. Huona maji. Inahitaji damu ipatayo mililita 200, na mara nyingi zaidi ya hapo, ndipo weusi ujitokeze. Mgonjwa aliyefika dakika 20 baada ya ajali huenda bado hajavuja kiasi hicho. Utumbo uliotoboka hauonekani ipasavyo. Damu inayovujia nyuma ya tumbo, karibu na figo na uti wa mgongo, au ile ya nyonga iliyovunjika, huweza kujificha kabisa.

Mwaka 2018 watafiti walikusanya uchunguzi 34, uliohusu wagonjwa zaidi ya 8,600 waliopigwa kifuani au tumboni bila kutobolewa. Walikuta kwamba kati ya kila watu 100 walio na jeraha la ndani, mashine iliwagundua takriban 74. Kwa watoto, 63 tu. Kwa upande wa pili, kati ya kila watu 100 wasio na jeraha, 96 waliambiwa ukweli. Tafsiri yake kwa lugha ya nyumbani ni hii: mashine ikisema damu ipo, mwamini na ukimbie. Ikisema haipo, usiiamini bado. Mweke mgonjwa chini ya ulinzi, hesabu mapigo ya moyo, na umtazame tena baada ya nusu saa, kisha tena.

Mashine pia haijui tofauti ya damu na maji mengine. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa huweza kuwa na maji kidogo chini ya tumbo bila ugonjwa wowote. Na kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa mstari mmoja, ilhali kwetu lastahili ukurasa. Katika eneo hili lenye matatizo ya pombe haramu, mtu ambaye ini lake limeharibika huwa na tumbo lililojaa maji miezi mingi kabla ya kuanguka kutoka kwenye pikipiki. Kioo kitaonyesha weusi kote. Hapo tabibu atauliza historia, atatazama macho kama ni manjano, na pengine atarudi kwa ile sindano ya wazee wetu kuona kilichomo ni rangi gani.

Kwa nini Othaya

Nautaja mji huu kwa sababu ndio ninaoujua, na kwa sababu ajali na hospitali vimeandikwa katika historia yake. Mwai Kibaki, aliyekuwa mbunge wa Othaya kuanzia 1974 hadi 2013, alipata ajali ya barabarani mapema Desemba 2002, katikati ya kampeni. Alipelekwa hadi London kwa matibabu, na Desemba 30 aliapishwa kuwa Rais akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Taifa zima lilijifunza siku ile kwamba barabara haimheshimu mtu. Mwaka 2008, serikali yake iliondoa ushuru wa pikipiki ndogo, na vijana wakapata kazi. Sijutii hilo. Bodaboda imewafikisha akina mama wengi wajawazito hospitalini, na imetoa maziwa na kahawa mahali ambapo gari halifiki. Hata hivyo, ndiyo iliyoleta pia mipini ya usukani matumboni. Kila Oktoba bonasi ya majani chai inapolipwa, pikipiki mpya huonekana Chinga, Mahiga na Iria-ini, zikiendeshwa na vijana ambao leseni yao ni ujasiri.

Hospitali kubwa inayoitwa kwa jina la Kibaki ilianza kujengwa Othaya akiwa bado Ikulu, ikakawia kwa miaka mingi, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Hospitali Kuu ya Kenyatta. Ni fahari kwa mji mdogo. Lakini jengo refu halimaanishi kwamba kila majeruhi wa milima hii huangukia mlangoni pake. Wengi huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya, au hospitali ndogo ambamo usiku kuna tabibu mmoja na wauguzi wawili. Matabibu hawa, ambao sisi huwaita madaktari kwa mazoea, ndio wanaoamua nani asubiri na nani akimbizwe Nyeri. Wanaamua gizani.

Nimesikia ikisemwa kwamba dawa ni skani za CT kila mahali. Ni kweli CT huona zaidi. Huonyesha ufa wenyewe kwenye ini, na siku hizi humwezesha daktari kumtibu mgonjwa aliyetulia bila kumpasua na bila kumwondolea wengu. Lakini mashine hiyo ni ya mamilioni, yahitaji umeme mwingi na mtaalamu, na yamtaka mgonjwa aliye imara asafirishwe hadi kwenye chumba chake. Mgonjwa anayevuja damu kwa kasi hafai kupelekwa huko.

Tuna historia pia ya kununua vyombo kabla ya kutafuta watu. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilikodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47, vikiwemo vya kupiga picha. Mpango huo ulifikishwa hadi kwenye kamati ya Seneti, ambako maseneta walielezwa kuhusu vifaa vilivyokaa bila kutumiwa kwa kukosa umeme, vyumba au wataalamu. Sitaki kuchochea mjadala huo hapa. Nautaja kwa sababu hoja yangu si kununua. Ultrasaundi ipo tayari katika hospitali nyingi za wilaya zetu za zamani. Imefungiwa tu.

Na ipo kwa sababu nzuri. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mja mzito apigwe skani angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Ndipo mashine zikaenda kliniki za akina mama, zikafuata saa za kliniki: asubuhi hadi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ajali hazifuati ratiba hiyo.

Wakunga wameonyesha njia

Wapo watakaosema kwamba kumpa tabibu au muuguzi kidude hiki ni kuchezea kazi ya watu. Wataalamu wa picha wamesomea miaka mingi, na wasiwasi wao si wa kupuuzwa. Picha mbaya ni mbaya kuliko kutokuwa na picha. Lakini simwombi tabibu apime kijiwe kwenye figo au atazame uvimbe wa kongosho. Namwomba atafute weusi mahali pane. Mwaka 2022 wahudumu wa afya wapatao 500 humu nchini, wengi wao wakunga, walipewa na kufunzwa kutumia ultrasaundi ndogo za mkononi zinazounganishwa na simu, ili watazame mimba. Ikiwa mkunga anaweza kufunzwa kuona mtoto alivyolala na kondo la nyuma lilipo, sioni kwa nini muuguzi wa majeruhi asifunzwe kuona maji kati ya ini na figo.

Vidude hivyo vilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2018 bei yake ilikuwa karibu dola 2,000, yaani kama shilingi laki mbili na nusu kwa sarafu yetu ya leo, kabla ya ada nyingine. Msomaji anayejua bei ya bodaboda mpya afanye hesabu mwenyewe.

Pingamizi la pili ni la kisayansi, na silikwepi. Mwaka 2017 jarida moja mashuhuri la madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti kuhusu watoto 925 waliopata mapigo tumboni na ambao hali yao ilikuwa imara. Nusu walipimwa kwa ultrasaundi, nusu hawakupimwa. Hakukuwa na tofauti ya maana. Je, basi kazi bure? La. Watoto wale walikuwa katika hospitali yenye CT hatua chache kutoka kitandani, wapasuaji wakiwa zamu. Ultrasaundi haikuongeza kitu kwa sababu kila kitu kilikuwapo. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa 2006 na kuhusu majeruhi walioshukiwa kuumia kifuani au tumboni, ulionyesha kwamba waliotazamwa kwa ultrasaundi walifika chumba cha upasuaji kwa muda uliopungua zaidi ya nusu. Sisi tulio na ambulansi moja, na safari ya kwenda kwa mpasuaji, tunahitaji zaidi kujua nani atangulie.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua usiku. Tuseme tabibu ameona damu. Halafu? Kama hakuna mpasuaji, hakuna mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi, na hakuna damu ya kuongeza kwenye jokofu, amepata habari mbaya mapema tu. Kituo cha damu cha kanda yetu kiko Embu, na si kila hospitali ndogo ina akiba. Nakubali. Lakini habari mbaya ya saa sita usiku si sawa na habari hiyo hiyo saa nane. Tabibu mwenye jibu mkononi hapigi simu kuomba ushauri. Hupiga simu kutoa taarifa: kijana wa miaka 24, damu ipo pembe ya kushoto, mapigo 118, tunaondoka sasa, tayarisheni thieta na damu. Simu ya namna hiyo huamsha watu. Ndugu nao huambiwa mara moja ni akina nani wajitokeze kutoa damu.

Niruhusiwe kutoka kando kidogo. Mwaka 1976 daktari wa mifupa wa Marekani, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo katika mashamba ya Nebraska. Mkewe alifariki, watoto wakaumia vibaya, na hospitali ndogo ya mashambani walikopelekwa haikujua ianzie wapi. Daktari huyo hakwenda kudai jengo kubwa. Alishirikiana na wenzake kuandaa masomo ya kuwafunza madaktari wa hospitali ndogo hatua za kwanza kwa majeruhi, na masomo hayo, yaliyoanza 1978, leo hufundishwa ulimwenguni kote, Kenya ikiwemo. Huduma ya majeruhi tunayoiona ya hali ya juu ilitokana na aibu ya hospitali ya kijijini.

Nikiulizwa ninataka nini hasa, nitajibu hivi. Ufunguo wa chumba cha skani ukae kwa msimamizi wa zamu, usiende nyumbani na mtu. Mashine iliyo na magurudumu isukumwe hadi majeruhi ifikapo jioni. Tabibu na wauguzi wachache wafunzwe na wataalamu wale wale wa picha, wasimamiwe hadi wafikie kiwango, na kila wanachokiona kiandikwe kwenye kitabu na picha ihifadhiwe, ili asubuhi mtaalamu apitie na kusema hapa mlikosea, hapa mlipatia. Na mtaalamu akiitwa usiku, alipwe. Twajua sote kwamba simu isiyolipwa huzimwa. Kanuni moja ibandikwe ukutani kwa herufi kubwa: asiyeonekana na damu haruhusiwi kwenda nyumbani kwa sababu ya skani pekee.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikalirudia hilo. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya NHIF, na kuna hazina iliyotengewa dharura. Sheria hizi huzungumziwa sana kuhusu amana inayodaiwa mlangoni. Mimi naziona pia kwenye kitasa cha mlango wa chumba cha skani.

Wakati hayo yakingojewa, jamaa wa majeruhi anaweza kufanya machache. Mtu aliyepigwa tumboni asiachwe alale akiwa peke yake usiku huo, hata akisema ni mzima. Maumivu ya bega lisilogongwa, kizunguzungu akisimama, jasho baridi, kiu isiyoisha, midomo kupauka, tumbo kufura au kuwa gumu: lolote kati ya haya ni safari ya hospitali wakati huo huo. Usimpe chai wala chakula, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Mweleze tabibu saa kamili ya ajali na kilichomgonga, na useme ukweli kuhusu pombe. Uliza mapigo ya moyo ni mangapi, si presha peke yake, na uulize tena baada ya nusu saa. Kisha uliza, kwa adabu, kama tumbo linaweza kutazamwa kwa ultrasaundi.

Mpwa wangu amerudia kazi yake. Ana kovu refu toka kifuani hadi chini ya kitovu, amechanjwa kwa sababu asiye na wengu hushambuliwa vikali na baadhi ya vijidudu, na ameonywa kwamba homa yoyote kwake si ya kungojea asubuhi. Mwezi uliopita nilimsindikiza kliniki katika hospitali ile ya kwanza. Tulipita kwenye veranda tuliyokaa usiku ule. Mlango wa chumba cha skani umepakwa rangi mpya, na karatasi imebandikwa juu yake: Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.